Kaka yangu na swala wa Colorado: Safari ya uwindaji iliyoanzia mlangoni kwa mkulima

JIONI moja ya Agosti 2024, kaka yangu alizima injini ya pikapu mbele ya nyumba ya mkulima mmoja, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Colorado, Marekani, akashika usukani kwa mikono miwili na hakushuka. Mbwa alikuwa akibweka. Pazia la dirisha la jikoni lilisogezwa kidogo, kisha likarudi mahali pake.

"Mwalimu," akaniambia, "twende zetu. Tutarudi siku nyingine."

Hiyo ilikuwa nyumba ya tatu katika wiki ile. Katika nyumba mbili za mwanzo alishuka mwenyewe na akakataliwa kwa adabu. Wa kwanza alisema ardhi yake ameikodisha kwa watu wanaoleta wawindaji wa kulipia. Wa pili alisema swala wa shamba lake ni wa wajukuu zake, akacheka, akafunga mlango. Hapakuwa na tusi wala ukali. Hata hivyo nilimwona kaka akirudi garini kila mara akiwa mdogo kidogo kuliko alivyotoka.

Msomaji anaweza kujiuliza mtu mzima mwenye uraia, kazi na watoto wanne anaogopa nini kwenye mlango wa mkulima. Alichokwenda kuomba ni ruhusa ya kuwinda swala mmoja, naye kibali cha serikali alikuwa nacho mfukoni. Ili nieleze hofu yake inabidi kwanza nirudi Kasulu.

Mchicha wa usiku

Wazazi wetu walikimbia Burundi mwaka 1972. Sisi tulizaliwa upande wa Uvira, Zaire ya wakati huo, na huko ndiko tulikojifunza Kiswahili kabla ya Kifaransa. Vita vya mwaka 1996 vilituvusha Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na kutoka hapo tukapelekwa kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu. Nilikuwa na miaka 15, kaka alikuwa na 20. Sekondari niliimaliza humo humo kambini kwa mtaala wa Burundi, nchi ambayo sikuwa nimewahi kuitia machoni.

Mgao wa kambini ulikuwa unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Nyama haikuwamo. Kutoka zaidi ya kilomita nne nje ya kambi ilikuwa marufuku, na kila mtu alijua kwamba mbele ya hizo kilomita nne, upande wa pori la akiba la Moyowosi, kulikuwa na tohe na nyamera. Vijana walitoka usiku na kurudi usiku. Nyama iliingia ikiwa imekaushwa, imefichwa chini ya mizigo ya kuni. Iliuzwa gizani na kupikwa mlango ukiwa umefungwa, na jina lake lilikuwa mchicha. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori, lilitoa ripoti kuhusu ulaji wa nyamapori katika kambi za kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na jina la ripoti hiyo lilitokana na maneno hayo hayo: mchicha wa usiku. Nilipolisikia nilicheka, kisha nikanyamaza. Marehemu mama yetu alikuwa mpishi hodari wa mchicha huo.

Kaka alikuwa miongoni mwa vijana waliotoka. Usiku mmoja walikwenda wanne wakarudi watatu. Wa nne alikamatwa, akafungwa, na alipotoka jela hakuwa tena yule tuliyemjua. Tangu siku hiyo kaka hakutoka tena usiku, na hakulizungumzia jambo hilo mbele ya mtu yeyote. Mwaka 2007, Marekani ilipoanza kuwapokea wakimbizi wa 1972 kutoka kambi za Tanzania, jina lake na la mkewe yalikuwamo kwenye orodha. Mimi nilikuwa nimekwisha kuolewa, na mume wangu alitaka nyumbani. Mwaka 2008 tukapanda lori la kurudi Burundi. Kwa miaka 16 nilimsikia kaka kwenye simu tu, hadi mwaka 2024 binti yake wa kwanza alipoolewa nami nikapata viza na likizo bila malipo.

Miaka mingi ya kukata bega

Kaka anaishi Greeley, mji wa mashamba na ng'ombe, mwendo wa kama saa moja kwa gari kaskazini mwa Denver. Anafanya kazi katika kiwanda cha nyama, zamu ya usiku. Humo utawasikia Wasomali, Wakongo, Warundi, watu wa Burma na wa Guatemala, kila mmoja na kisu chake na sehemu yake. Sehemu ya kaka ni bega. "Nakata bega tangu nimefika," aliniambia. "Ng'ombe mzima sijawahi kumwona. Anapofika kwangu amekwisha kuwa vipande."

Mfanyakazi mwenzake, Mmarekani, ndiye aliyemdokezea habari za swala. Kaka hakuamini kwamba mtu wa kima cha chini anaweza kuwinda bila kuwa mgeni wa heshima au jangili. Akaambiwa kuna utaratibu, na utaratibu huo uko wazi kwa yeyote.

Kwanza ni darasa. Colorado inamtaka kila mwindaji aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1949 awe amehitimu mafunzo ya usalama wa uwindaji. Kaka alisoma kwa Kiingereza chake cha kiwandani, akafaulu, akapewa kadi. Ameihifadhi pamoja na cheti cha uraia.

Baada ya hapo huja bahati nasibu. Idara ya wanyamapori ya jimbo hugawa nchi katika maeneo yenye namba, ikaamua kila mwaka ni swala wangapi wanaweza kutolewa katika kila eneo, madume mbali na majike mbali. Maombi hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Anayekosa chaguo lake la kwanza hupewa pointi ya kumsogeza mbele mwaka unaofuata, na wapo wanaokusanya pointi miaka mingi wakingoja dume mwenye pembe za kutundika ukutani. Kaka hakutaka pembe. Aliomba jike, kwa kuwa nyama ni ile ile na foleni ni fupi. Mwaka wa kwanza alikosa hata hivyo, kwa sababu alikosea namba ya eneo na kuomba mahali ambapo ni mwendo wa saa sita kutoka kwake. Wifi yangu bado anamcheka.

Swala asiye swala

Mimi ni mwalimu wa jiografia na nilikuwa na miezi miwili na nusu ya kukaa, hivyo nilijitwika kazi ya utafiti. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba mnyama mwenyewe si swala. Jina lake ni pronghoni, ingawa wakulima wa huko humwita swala tu. Ndiye pekee aliyebaki katika ukoo wake wote, na ndugu zake wa karibu zaidi walio hai ni twiga, na okapi wa misitu ya Ituri. Nilipomwambia kaka hivyo alinitazama kwa muda. "Basi naye ni mkimbizi," akasema. Nilimsahihisha kwamba Marekani ndiko kwao tangu mamilioni ya miaka, na sisi ndio wageni. Tukaishia hapo.

Mbio zake hukaribia kilomita 90 kwa saa, na katika bara lile hakuna wa kumfikia. Wapo wataalamu wanaosema mbio hizo aliachiwa na adui aliyekwisha kutoweka, mnyama aliyefanana na duma ambaye zamani aliishi huko. Macho yake ni makubwa na yako pembeni ya kichwa, hivyo huona karibu pande zote. Lakini mnyama huyu aliyejaliwa hayo yote hapendi kuruka. Akifika kwenye seng'enge yenye urefu wa kifua cha mtu, ambayo kulungu angeivuka kama mchezo, yeye huinama na kupita chini. Seng'enge ikishuka hadi karibu na ardhi, amefungwa. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hilo, maana ndilo lililotulisha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki maelfu tu, baada ya kuwa mamilioni. Walirudi kwa kuzuiwa uwindaji, kisha kwa uwindaji wenye hesabu. Tangu sheria ya mwaka 1937, kila bunduki na kila risasi inayouzwa Marekani hutozwa kodi inayokwenda kwenye uhifadhi, asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi. Kaka alinunua bunduki iliyokwisha kutumika na pakiti tatu za risasi mpya. Kwa zile risasi, alisema, amemlipa askari wa pori mshahara kidogo. Alilisema bila kucheka.

Ramani ya vipande

Kazi ngumu ilikuwa ardhi. Eneo lililoandikwa kwenye kibali chake linagusa Mbuga ya Taifa ya Nyasi ya Pawnee, katika kaunti ya Weld. Tukinunua ramani nilidhani ni mbuga kama Ruvubu kwetu, yenye mpaka mmoja unaoweza kuuzungushia kidole. Nilipoikunjua mezani nikaona kitu kingine kabisa: vipande vya kijani vya serikali kuu, vya buluu vya jimbo na vyeupe vya watu binafsi, vimechanganyika kama kitambaa kilichoshonwa kwa viraka.

Sababu yake ni ya kihistoria. Nchi ile ilipimwa kwa miraba ya maili moja kwa moja, kila mraba hekta 259, ikagawiwa walowezi waje kulima. Iko katika kimo cha Gitega, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini mvua yake mara nyingi haifiki milimita 400 kwa mwaka. Walipoichana kwa plau wakati wa mvua nzuri walivuna ngano. Ukame wa miaka ya 1930 ulipokuja, udongo ukapaa hewani, watu wakahama. Serikali ikanunua mashamba yaliyokufa na kuyarudishia nyasi, na mwaka 1960 yakapewa jina la mbuga ya taifa. Walioweza kushikilia walibaki na vipande vyao katikati. Jina Pawnee ni la watu walioishi katika nyanda zile kabla ya wote hao. Wao walihamishiwa Oklahoma katika miaka ya 1870, na wako huko mpaka leo.

Kwa mwindaji maana yake ni hii: anaweza kusimama kwenye ardhi ya umma, akamwona swala mita 100 mbele, na swala yule akawa juu ya ardhi ya mtu. Mnyama ni mali ya watu wa jimbo zima. Ardhi anayoikanyaga ni ya mwenye shamba, na sheria ya Colorado haimlazimu mwenye shamba kuweka bango. Mwindaji ndiye anayepaswa kujua yuko wapi. Hata kona kwa kona, mahali vipande viwili vya umma vinapogusana kwa ncha, palikuwa na ubishi. Mwaka 2021 wawindaji wanne jimboni Wyoming walitumia ngazi kuvuka kona ya namna hiyo bila kukanyaga ardhi ya ranchi, na mwenye ranchi akawadai mamilioni ya dola. Machi 2025, mimi nikiwa nimekwisha kurudi Burundi, kaka alinipigia simu usiku wa manane kunijulisha kwamba mahakama ya rufaa ya Denver imewapa wawindaji ushindi. Alisahau kabisa tofauti ya saa.

Nikamuuliza kwa nini tusibaki kwenye vipande vya kijani. Akanionyesha kwa kidole. Oktoba nyasi za porini zimekauka, lakini ngano iliyopandwa Septemba ndiyo kwanza inachipua. Wakulima wa huko hulima ukanda mmoja na kuupumzisha wa jirani ili udongo utunze maji, hivyo kuna mistari ya kijani kibichi katikati ya nchi yote ya kahawia. Swala huja hapo asubuhi. Mwenye ruhusa ya kuingia kwenye ngano, au kwenye mabua yaliyo kando yake, ana nusu ya uwindaji mkononi. Ndiyo maana tukawa tunabisha milango tangu Agosti, miezi miwili kabla ya msimu, mchana, tukiwa tumevaa nguo za kanisani, bila bunduki garini.

Mlango wa tatu

Narudi sasa kwenye pikapu na mbwa anayebweka. Nilimwambia kaka jambo ambalo sikuwahi kumsimulia vizuri kwenye simu.

Mwaka 2008 mimi na mume wangu tulifika Rumonge kwenye kiwanja cha baba. Tulijua ni chenyewe kwa jiwe na kwa mto. Juu yake kulikuwa na nyumba ya bati, migomba, michikichi, na familia iliyokaa hapo zaidi ya miaka 30. Nilibisha mlango. Sikuwa na bunduki, lakini nilikuwa nimebeba kitu kilichowatisha zaidi ya bunduki: jina la baba yangu. Siku ile nilijifunza namna ya kusimama. Ukishabisha, rudi nyuma hatua tatu. Usichungulie ndani. Sema wewe ni nani kabla ya kusema unataka nini. Na kabla ya kutaja haki yako, taja kile unachojua kuwa ni chake. Mimi nilisema, "Mama, migomba hii mmeipanda ninyi, naiona." Yule mama alikuwa amekwisha kushika mwichi. Akauweka chini. Ilituchukua miezi kugawana kile kiwanja na hatukugawana kwa furaha, ila hadi leo tunaazimana chumvi.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango wa gari.

Aliyetoka alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya kampuni ya mbegu. Kaka alisimama hatua tatu nyuma, akasema jina lake na mahali anapofanya kazi, akanitambulisha mimi dada yake mwalimu kutoka Burundi. Halafu akasema, "Mzee, nimeona mabua ya ngano yako kutoka barabarani. Hakuna alama ya gari hata moja. Nami sitaiweka."

Mzee akageuka akatazama shamba lake, kama anayehakikisha. Aliuliza kibali ni cha dume au jike. Akauliza bunduki ya aina gani. Kisha likaja swali ambalo nadhani kaka alikuwa analingoja tangu nyumba ya kwanza.

"Umejifunzia wapi kuwinda?"

Kaka alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Tanzania," akasema. "Katika kambi ya wakimbizi. Usiku, bila kibali. Rafiki yangu alifungwa."

Mbwa naye alikuwa amenyamaza. Mzee akakuna shavu.

"Mlikuwa mkipata?"

"Mara moja moja."

"Na hapa ni hivyo hivyo," mzee akasema, akaingia ndani kutafuta kalamu.

Alitoka na bahasha ya bili ya umeme, akachora nyuma yake vipande viwili vya shamba na masharti yake. Gari libaki barabarani. Lango likikutwa wazi liachwe wazi, likikutwa limefungwa lifungwe. Hakuna risasi kuelekea nyumba wala kuelekea ng'ombe. Kipande cha mashariki si chake bali cha jirani, na jirani hapendi watu. Tumpigie simu usiku wa kuamkia siku tutakayokuja. Kaka aliikunja bahasha ile akaitia pamoja na kibali. Njia nzima hakuzungumza, ila aliendesha taratibu mno mpaka magari mengine yakatupigia honi.

Hata kule Moyowosi mnyama alikuwa wa serikali, sawa na Colorado. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba kule hatukuwa na mlango wa kubisha.

Mpango wa asubuhi mbili

Msimu ulifunguliwa mwanzoni mwa Oktoba. Kaka hakwenda siku ya kwanza, kwa kuwa wote wenye pikapu huwa huko na swala hukimbizwa hadi wanasahau kula. Kwa zamu zake alikuwa na Jumapili na Jumatatu ya wiki hiyo basi, asubuhi mbili. Kibali hakisogezwi mbele.

Jioni tulikaa mezani na ramani. Upepo ulitabiriwa kutoka kaskazini-magharibi, kwa hiyo tuingie kutoka kusini-mashariki utupige usoni. Nchi ile inaonekana tambarare kama sahani, lakini mistari ya kimo kwenye ramani ilionyesha mikunjo ya mita mbili, tatu. Kwa mtu anayetambaa hiyo ni bonde. Niliitia rangi kwa kalamu ya mwanafunzi. Kaka alikuwa amefanya mazoezi kiangazi kizima kwenye uwanja wa shabaha, akajiwekea mpaka: hapigi zaidi ya mita 180. Wapo wanaojisifu kwa mita 400. Yeye alisema mnyama aliyejeruhiwa ukamwacha ni deni, na madeni ya porini anayajua.

Vifaa vilikuwa vichache. Darubini, maji, kisu chake cha kiwandani, vitambaa vya kukinga magoti, kwani ardhi ile imejaa dungusi kakati wa kutambaa chini chini. Vizibao na kofia za rangi ya chungwa inayong'aa, ambavyo sheria inamtaka mwenye bunduki avae. Nami nilivaa ingawa sikuwa na bunduki, maana risasi haiulizi. Na barafu. Kaka alinunua mifuko minne ya barafu, akaijaza kwenye masanduku mawili. Wanaosema nyama ya swala wa nyanda inanuka, alieleza, ni wale wanaompakia mnyama mzima kwenye gari na kumzungusha juani mchana kutwa. Ngozi itoke ndani ya saa moja. Hapo alikuwa anazungumza mtaalamu.

Jumapili tulifika kabla ya mapambazuko, wakati halali wa kuanza kupiga ukiwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Tulitambaa kwenye mkunjo wangu wa ardhi, na kulipokucha tukawaona. Walikuwa kumi na mmoja. Walikuwa wakila ngano, vifua vyeupe, mita 150 kutoka tulipolala. Walikuwa ng'ambo ya seng'enge, kwenye kipande cha mashariki.

Tulilala pale saa tano. Swala walikula, wakalala nao, wakacheua. Kutoka tulipokuwa hadi upeo wa macho hapakuwa na nyumba, gari wala mtu. Nilimsikia kaka akivuta pumzi na kuishusha. Bunduki ilikuwa imeegemea mkoba wake, mdomo ukielekea kule kule. Naandika gazetini, kwa hiyo nisidanganye: kuna dakika ambayo mimi, mwalimu, niliwaza kwamba hakuna atakayejua.

"Ngano ile si ya mzee," kaka akanong'ona, kama aliyenisikia. Adhuhuri tukarudi nyuma kwa magoti, tukaenda nyumbani mikono mitupu.

Usiku upepo ukageuka, ukawa wa kaskazini mtupu, na mpango wangu wa kalamu za rangi ukafa. Kaka akakumbuka kitu. Tukiondoka alikuwa ameona mahali pamoja kwenye seng'enge ya mpaka ambapo waya wa chini umeinuka, na chini yake udongo umechimbika na manyoya meupe yamenasa. Wanapita hapo kwa magoti kutoka kwa jirani kuja kwenye maji, kwenye birika la ng'ombe la mzee. Hatuna haja ya kuwafuata. Tukae upande wetu, kusini mwa mlango wao, tuwangoje.

Jumatatu saa tatu asubuhi walikuja kwa mstari mmoja. Wa mbele aliinama, akapenya, akasimama na kujikung'uta. Wa pili, wa tatu. Kaka aliwaacha wapite mpaka wakawa mbali na waya na jike mmoja akatengana na wenzake, ubavu wazi, nyuma yake kilima kitupu. Mita 140. Risasi ilikuwa moja. Wengine walikuwa upeo wa macho kabla sijaondoa mikono masikioni.

Kaka hakupiga kelele wala kunikumbatia. Alitoa kibali, akakijaza tarehe, akatia saini na kukifunga kwenye mnyama kama sheria inavyotaka, na mikono ilimtetemeka wakati wa kuandika tu. Aliposhika kisu ikatulia. Alifanya kazi taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na alipofika begani akasimama kidogo. "Ndiyo hili," akasema. "Kumbe linaanzia hapa." Tulipata kama kilo 15 za nyama isiyo na mfupa, mbali na paja moja tulilomwachia mzee mlangoni kwake. Alilipokea, akauliza kama tulifunga lango.

Jioni wifi aliipika kwa vitunguu, nyanya na pilipili, mlango wa mbele ukiwa wazi kwa sababu ya joto la jikoni, na harufu ikamwita jirani Mkongo akaja na sahani yake. Watoto walikaa, bibi harusi na mumewe nao walikuwapo. Wifi alipakua akizunguka meza, akafika kwangu.

"Wifi, nikuongeze mchicha?"

Watoto wakachungulia sufuriani. "Mchicha gani?" akauliza yule mdogo. "Mbona hakuna jani?"

Kaka aliweka kijiko chini, akamfuta mtoto mdomo kwa kiganja, akaanza: "Kulikuwa na kambi inaitwa Mtabila."